Mimi Sifi Ijumaa

Jumatatu, 2 Machi 1953
Balaa! Bwana Gaskin, mwongozaji wetu, kanikaribisha chai na biskuti. Huyu hatoi biskuti bure. Kasema Shangazi Lettice, ninayemwigiza redioni mwaka wa tisa sasa, atafariki Ijumaa. Homa ya mapafu. Nikamwuliza, na mimi je? Akanisogezea sahani.

Jumanne
Nimemwokea mtunzi wa mchezo keki kwa sukari yangu yote ya mgao, anihurumie. Kaila yote. Kapata nguvu, kaongeza ukurasa mzima: Muriel Tranter, anayeigiza mdogo wangu, atalia juu ya maiti yangu. Ukurasa mzima! Muriel kaniambia pole mpenzi, wewe kufa tu, kazi niachie mimi. Nyoka!

Alhamisi
Nimepata! Mchezo unarushwa moja kwa moja. Likishasemwa hewani limesemwa, hakuna wa kulifuta. Basi sifi ng'o! Mazoezini nimekufa vizuri mno, Gaskin kafuta machozi. Moyoni nacheka kama mwehu.

Ijumaa
Taa nyekundu ikawaka, tuko hewani. Nikakohoa. Nikakata roho. Muriel akavuta pumzi aanze kulia, nami nikapiga mwayo! Nikatangaza homa imekwisha, nataka mayai. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Gaskin akajishika kichwa. Ushindi!

Muriel hakupepesa jicho. Kwa sauti ya asali akasema afadhali dada, njoo dirishani upunge upepo. Nikasema sitaki. Akasema haya, umeshafika, lakini angalia, zulia hilo linateleza! Pogson, fundi wa milio, hanipendi tangu nilipokalia mkate wake wa jibini. Akavunja kioo ndooni, akaangusha gunia la viazi: kwa wasikilizaji, nimeanguka dirishani hadi chini! Nikafungua mdomo nipige yowe, wasikilizaji wajue ningali hai. Gaskin alikwisha kuingia kwa kunyata. Akaniziba mdomo kwa kofia yake. Muriel akalia ukurasa wake wote. Kalia vizuri, mshenzi yule.

Jumamosi
Nimefukuzwa. Nimelia mpaka paka kahama chumba.

Mchana, simu! Jumba la maonyesho la Scarborough, kule pwani, linanitaka kiangazi chote. Wamesikia habari zangu, wakasema wana nafasi inayonifaa hasa: maiti, chini ya blanketi, tangu pazia lifunguliwe hadi lifungwe, neno sina hata moja. Nimekubali kabla hawajamaliza. Hadhira ya macho kwa macho! Viti vimejaa!

Nimeanza mazoezi ya kupiga chafya chini ya blanketi.