Saa Isiyotaka Kukatizwa

Jumatatu, 5 Machi 1979
Siku kubwa. Saa yangu ya umeme imekamilika. Tarakimu nyekundu, hakuna mishale, hakuna kutia ufunguo. Ndani kuna prosesa moja, chipu ndogo kuliko kidole, na kazi yake ni kuhesabu. Inahesabu mpaka sekunde itimie, inabadili tarakimu, inaanza upya. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa mwenye duka na majivuno yake, kaja kuiona. Kasema hizo ni taa za sherehe. Ila ikienda sawa na saa yake hadi Ijumaa, ataiweka kwenye dirisha la duka. Dirishani! Nitamziba mdomo.

Mke wangu akienda kazini huniachia baba yake, anayeumwa kifua. Pumzi ikimbana, lazima apewe dawa yake ya kuvuta upesi. Mke wangu amenisisitizia niache mlango wa chumba changu cha kazi wazi nimsikie. Mlango wazi, nitafikiri vipi?

Jumanne, 6 Machi
Nimepata dawa ya jambo hili. Kitufe kitandani kwa Baba mkwe, waya mpaka kwenye prosesa ileile. Akibonyeza, prosesa inamaliza amri iliyo nayo mkononi, inaweka alama ilipofikia, inapiga kengele mezani kwangu, kisha inarudi palepale na kuendelea. Hainuni wala haisahau. Laiti binadamu tungekuwa hivyo! Nimemweleza Baba kwa kirefu. Akasikiliza kwa adabu, akauliza kama isingekuwa rahisi kuniita tu. Wazee bwana. Nimefunga mlango.

Jumatano, 7 Machi
Balaa. Saa iko nyuma. Shemeji kalinganisha, kaguna, kaondoka. Nimehangaika asubuhi nzima nikamjua mchawi: Baba mkwe! Prosesa ikiacha kuhesabu ili ipige kengele, muda ule haurudi. Kabonyeza, maji. Kabonyeza, redio. Kabonyeza, mto umeteleza. Kabonyeza tena, nikaenda mbio, kumbe anataka kujua kama nimekula. Mzee ananimalizia sekunde! Nimemwomba abonyeze kwa jambo kubwa tu. Akasema mchana ni mrefu ukiwa peke yako.

Nikarudi kwenye saa yangu. Nilikuwa na haraka.

Alhamisi, 8 Machi
Prosesa ina amri moja fupi ya ajabu: usikubali kukatizwa. Ukiiandika, mtu abonyeze atakavyo, yenyewe inahesabu tu. Na ombi halipotei. Nimetengeneza saketi ndogo ya kulishika mpaka ruhusa itolewe. Kwa hiyo simdhulumu mtu. Nimeiandika. Ni hadi kesho jioni tu, halafu nitaifuta.

Saa imekwenda sawasawa kutwa nzima. Nyumba kimya. Nikajisemea afadhali, leo Baba kapumzika.

Ijumaa, 9 Machi
Lazima niandike.

Shemeji alikuja mchana kulinganisha saa. Akapita kwanza kumsalimia baba yake. Nikasikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Baba alikuwa ameteleza kitandani, nusu yake sakafuni, midomo imebadilika rangi, kidole gumba bado kimekandamiza kitufe. Dawa iko juu ya kabati, mkono wake haufiki. Tukampa. Shemeji akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakaenda hospitali.

Mimi nikabaki kufunga nyumba. Nikaingia chumbani kwangu nikaifuta ile amri. Papo hapo kengele ikalia. Baba hayupo, kitanda kimevurugika, na kengele inaniita kwake. Nilikaa chini nikalia.

Jumapili, 11 Machi
Baba kaponea chupuchupu. Mke wangu haongei nami, anaongea na sufuria. Shemeji hakuitaja saa kabisa. Nilipofika wodini Baba akanishika mkono. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba pale sakafuni alidhani namsikia ila nimemchoka. Nikamwapia kwamba sikusikia chochote. Akasema basi, yamekwisha.

Hayajakwisha. Usingizi umenihama.

Jumatano, 14 Machi
Baba yuko nyumbani! Mke wangu ameung'oa mlango wa chumba changu na bawaba zake. Sawa, nastahili. Nimewaza mno siku hizi, nimetubu, na nimegundua jambo zito. Kumbe prosesa hii ina mguu mmoja, pini ya kuungia waya, usiokataliwa. Hakuna amri ya kuuzima. Atakayeunganishwa hapo atasikilizwa, prosesa itake isitake. Lakini ni mmoja tu. Nimepima kwa uchungu ni nani anaustahili.

Nimeuunganisha na mapigo ya sekunde. Haitapotea tena hata moja, na Shemeji atakosa la kusema. Baba anabaki kwenye waya wake wa zamani. Ila nimemwekea kitufe kikubwa zaidi, chekundu. Ameshukuru sana.