Siku ya Kumfungia Maji Mama Dorcas

Leo nimeaibika, tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnajua mimi ni katibu wa jengo letu hapa Lubumbashi. Fleti nane, kila moja na mwenyewe, na kila mwezi kila mwenye fleti anatoa mchango wa pampu, mlinzi na taa za ngazi. Asiyetoa miezi mitatu anapata barua. Wiki ikipita bila kulipa, anafungiwa maji. Sheria hiyo niliiandika mimi (walinipigia makofi, nikajiona waziri).

Zamu ikafika kwa Mama Dorcas wa fleti ya tano. Wiki iliyopita alinisimamisha kwenye ngazi.

"Papa Merveille, mutungojeko mpaka mwisho wa mwezi. Bwana yangu angali lopitali."

Nikamjibu kwamba sheria haiangalii sura ya mtu. Wakati ule nilijisikia vizuri. Sasa nikikumbuka natamani kuyameza maneno yale.

Basi leo asubuhi nikashuka. Robine, yaani koki za maji za fleti zote, zimepangwa mstari mmoja chini ya ngazi. Anayezijua ni mlinzi, lakini sikumwita (katibu mzima amuulize mlinzi?). Nikahesabu kutoka kushoto, ya tano, nikafunga. Nikaikaza kwa nguvu zote mpaka kikono chake kikakatika, nikabaki nacho mkononi. Sikujali. Nani alikuwa na mpango wa kuifungua?

Nikapanda kwangu, fleti ya nne. Naingia tu, nasikia sauti kutoka bafuni.

"Chantal? Maji imekatika. Niko na sabuni mu macho."

Mama mkwe wangu, aliyefika jana kutoka Kasenga. Chantal, mke wangu, yuko sokoni. Na kwetu mwanaume na mama mkwe wake hata kochi moja hawakalii, sembuse kuongea kupitia mlango wa bafu. Nikasimama kwenye korido na kile kikono, nikielewa polepole kwamba robine zinahesabiwa kutoka kuume.

"Chantal? Njo weye?"

Nikakohoa. Kule ndani taulo likavutwa haraka.

Nikatoka mbio kutafuta mwanamke yeyote mwenye maji. Nikagonga fleti zote, watu wako kazini. Ulifunguka mlango mmoja tu (mnaujua).

"Mama Dorcas, munisaidieko. Mama mukwe iko mu bafu, maji imekatika."

Aliniangalia, akaangalia na kikono. Nyuma yake, sebuleni, kulikuwa na bidoni sita za maji zimejaa mpaka mdomoni. Alizijaza jana kwa sababu ya barua yangu. Akabeba mbili, akaenda kwangu, akaingia bafuni. Nikasikia maji yanamwagwa, na mama mkwe akisema, "Mungu akubariki, mutoto wangu." Jamani, niliumia. Maji ya mke wa mgonjwa yale.

Alipotoka nilitaka kumuomba msamaha, lakini aliniwahi. Yeye akasema, kwa upole kabisa:

"Papa Merveille, mukishuka kufunga yetu, muhesabu kutoka kuume."

Sikushuka. Nimekaa nje ya nyumba yangu nangoja fundi. Kwenye grupu ya jengo wameniuliza kama maji yamefungwa. Nimeandika: yamefungwa. Hawakuuliza ya nani, na nyinyi tafadhali msiwaambie.