Chui Niliyemtangaza Mimi

Jumanne, 9 Julai

Meneja wa kambi ametuita madereva wa watalii baada ya chai. Gari jipya linakuja Jumamosi. Paa la kufunguka, viti laini, springi ambazo hazijawahi kulia. Atakayelipata ni dereva atakayewafurahisha wageni kuliko wenzake wiki hii. Mgongo wangu ulisikia kabla ya masikio. Gari langu la sasa likiingia shimoni, springi ni mimi.

Mpinzani ni mmoja: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wanamwita Jicho, maana huona kinyonga kichakani gari likiwa mwendoni. Tunalala chumba kimoja. Alikuwa anakata kucha, akaniambia, "Shemeji, gari lile usilisumbukie. Nitakupa lifti." Nimesali nisimchukie. Nadhani nimejibiwa nusu.

Jumatano, 10 Julai

Wageni wangu ni mtu na mkewe, wastaafu, wapenda ndege. Asubuhi nzima tumekaa bwawani. Heroe wamejaa mpaka maji yamekuwa ya waridi. Yangeyange juu ya migongo ya nyati. Mdiria anapiga mbizi kama aliyeangusha kitu. Bibi alitokwa na machozi. Mimi pia, nikasingizia vumbi. Aliyeviumba hivi hakuwa na haraka.

Jioni wageni wa Jicho walikuwa wanasimulia duma meza nzima. Meneja akaniuliza wangu wameona nini. Nikasema ndege. Akarudia, "Ndege?" kama nimesema nzi. Duma hushindwa na chui tu. Bila chui, gari sina.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata mpango. Ng'ambo ya bwawa nimeona nyayo, na nahisi ni za chui. Shida ni Jicho. Akiona nimesimama atakuja, na akija, yeye ndiye atakayemwona chui kwanza. Sasa, sisi madereva tuna desturi: ukiona chui unatangaza kwenye redio ya gari, wenzako waje. Basi kesho nitatangaza chui mto mkavu, mbali kabisa. Jicho akimbilie huko, mimi nibaki na chui wangu.

Je, ni uongo? Nimelitafakari jambo hili wakati wa sala. Nitatanguliza "nadhani". Kudhani si dhambi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimetangaza jua lilipochomoza. Chui, nadhani, mto mkavu, chini ya mgunga ulioanguka. Huo mgunga sijui ulitoka wapi, ulimi ulikuwa umeshapata moto. Jicho akajibu kwamba hakuna mtu kama mimi. Nikatazama vumbi lake likienda, nikakaa kusubiri penye nyayo zangu.

Akatokea fisi. Akatutazama, akajikuna, akapita akikanyaga zile zile. Nyayo zilikuwa zake.

Ndipo redio ikaita. Jicho, ananong'ona kama yuko ibadani. Chui yupo. Chini ya mgunga ulioanguka. Na watoto wawili. "Shemeji, umewaonaje kutoka huko? Mimi wananiita Jicho bure."

Magari yote yakaenda. Nikafika wa mwisho. Wageni wangu waliona mkia.

Jumamosi, 13 Julai

Gari limefika. Jicho akasimama mbele ya watu wote akasema chui ni wangu, nilimwona mimi nikamwachia yeye, na kama kuna haki gari ni langu. Wakapiga makofi. Bibi wa ndege akapiga kuliko wote.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Meneja akanipa ufunguo. Mdomo ukajifunga.

Nikampigia mke wangu. Akasema siku zote alijua nampenda kaka yake. Nikasema sana. Na nilipomwona Jicho akilifuta vumbi gari langu kwa shati lake mwenyewe, ikawa karibu kweli.

Sasa nimekaa kwenye kiti laini, natafakari fundisho. Liko wazi. Ningenyamaza, wale watoto wa chui wasingeonwa na mtu. Mungu alikuwa na chui, akakosa mtangazaji.

Wiki ijayo meneja anachagua dereva mkuu. Jumatatu natangaza simba, mwamba mweupe, wanane. Hapana, kumi. Wageni ni wengi.