Daktari Aliyenukuliwa Kuliko Wote

Mungu akitaka kumpa mja wake hamwandikii barua. Nakala hakuandikiwa barua. Aliletewa Mkuu wa Idara mzima mzima, saa nne asubuhi, kipara kinamtoka jasho na mkononi ameshika fomu ya kupandishwa cheo.

Nakala ndilo jina alilopewa mjini kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na duka la kudurufu na kujalidi vitabu, mkabala na lango la chuo kikuu. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amepitisha nusu ya elimu ya dunia kwenye mashine yake, na hakuna hata mstari mmoja uliowahi kumwingia kichwani. Yeye hakusoma karatasi, alisoma wateja. Karatasi haina mfuko.

"Nakala tatu," alisema Mkuu wa Idara. "Na usiangalie."

"Siangalii, mzee. Nauliza tu. Safari hii wanataka nini hao wakubwa?"

"Kunukuliwa!" Mkuu alilitema neno hilo kama mbegu ya ndimu. "Mara mia moja au hakuna uprofesa."

Kunukuliwa, kwa faida yetu tusiofika huko, ni mtafiti mwingine kuandika kwenye makala yake, "kama alivyosema fulani." Fulani akitajwa mara mia ni profesa. Akitajwa mara nne ni fulani. Mkuu wa Idara alikuwa ametajwa mara nne katika miaka kumi na moja: mara mbili alijitaja mwenyewe, mara ya tatu alitajwa na shemeji yake, na ya nne alitajwa na mtu aliyetaka kuonyesha kwamba amekosea.

Taaluma yake ilikuwa urithi wa sifa zinazopimika. Kuku akitaga yai zito, je, uzito huo ameupata kwa mama, kwa baba, au kwa chakula alicholishwa? Ni swali zuri, na Mkuu alikuwa amelifundisha miaka mingi bila kumshika kuku.

"Mzee," Nakala alisema, akipunguza sauti ingawa dukani hamkuwa na mtu, "mimi nina ndugu yangu ng'ambo. Mtafiti wa hayo hayo ya kuku. Anaandika hapumziki. Nikimwambia akutaje, atakutaja mpaka uone haya."

"Atanitaja kwa lipi?"

"Mzee, wewe unataka cheo au unataka sababu?"

Mkuu wa Idara alitaka cheo.

Ukweli ni kwamba Nakala hakuwa na ndugu ng'ambo. Hata hiyo ng'ambo hakuwa na hakika iko upande gani. Alichokuwa nacho ni kompyuta moja kuukuu, na kabati lenye nakala ya ziada ya kila kilichowahi kupita dukani, kwa imani kwamba akiba haiozi. Humo kabatini mlikuwa na madaftari kumi na manne ya banda la kuku la chuo. Yaliletwa mwaka baada ya mwaka na Mama Mayai, mwanamke wa makamo mwenye koti la kijani, ambaye kazi yake ilikuwa kupima kila yai na kuandika: kuku namba fulani, binti wa kuku namba fulani, yai gramu kadhaa. Walimu wa idara ile walikuwa wamejengea majina yao juu ya namba hizo, na mwisho wa kila makala waliweka mstari mmoja wa adabu: "Tunawashukuru wafanyakazi wa banda." Mfanyakazi wa banda alikuwa mmoja.

Nakala akachota namba, akazivika maneno makubwa makubwa, akaanzisha na jarida la kimataifa, ambalo makao yake makuu yalikuwa kompyuta ile ile. Likabaki jina la mwandishi. Kwa kuwa hakupenda kujichosha, alitazama jalada la daftari, akaona pembeni jina limepigwa muhuri wa wino wa zambarau: herufi mbili za mwanzo, halafu ukoo. Akaamini ni jina la kiwanda kinachotengeneza madaftari. Akaliazima. Kiwanda kina shida gani na kuku? Sisi hatutalitaja hapa; waliolitaja wanatosha.

Mwaka haukuisha, Mkuu wa Idara akawa profesa. Habari zikatembea kwenye korido za chuo. Akaja mwalimu wa ng'ombe wa maziwa, akaja wa samaki, akaja wa mahindi, kila mmoja peke yake, kila mmoja akitazama nyuma kabla ya kuingia. Nakala aliwahudumia wote kwa malipo mazuri na sharti moja dogo: anayetajwa na ndugu yangu naye amtaje. Nipe nikupe. Kwa hiyo yule mtu wa jaladani akawa ananukuliwa kuliko yeyote pale chuoni, marehemu wakiwemo. Hata udaktari hakujipa. Walimpa wao, kwa kuona aibu kutajwa na mtu mtupu.

Siku moja Mama Mayai alikuja na daftari la mwaka. Juu ya kaunta palikuwa na makala mbichi, imetoka mashineni sasa hivi. Akaisogelea.

"Mwanangu, haya mayai nayajua."

"Mayai yote yanafanana, mama."

"Hayafanani." Alivaa miwani. "Na huyu aliyeandika ni nani?"

"Daktari mkubwa wa ng'ambo. Ametajwa mara mia saba."

"Mia saba!" Mama Mayai alilitazama lile jina muda mrefu. "Ni mtu mzuri?"

"Dhahabu tupu."

"Basi nitolee makala zake zote. Nifungie pamoja, jalada gumu. Na kitambulisho changu hiki, nakala tatu."

Wakati huo simu ilikuwa inaita. Ni mwalimu wa samaki, analalamika kwamba wiki nzima hajatajwa. Nakala akaibana simu begani, akadurufu, akajalidi, akamtoza mama wa watu bei kamili. Kitambulisho kilipita mbele ya pua yake mara tatu. Pua haisomi.

Tamaa ikiota mizizi haing'oki kwa mkono. Miezi miwili baadaye chuo kilitangaza kufungua Kituo cha Mbegu Bora za Kuku, na mkurugenzi wake angepewa nyumba yenye bustani, gari na dereva. Kanuni ya kumpata iliandikwa na Mkuu wa Idara mwenyewe: kazi apewe aliyenukuliwa kuliko wote katika fani hiyo. Shahada haikutajwa. Mwandishi wa kanuni hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunukuliwa bila kuwa na shahada.

Nakala alisoma tangazo hilo, na huenda ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisoma mpaka mwisho. Yeye, mke wake na mama mkwe walikuwa wakiishi vyumba viwili nyuma ya gereji, na mama mkwe alikuwa hodari wa kuguna kila mkwe anapopita. Mpango ukamjia mtamu kama usingizi wa asubuhi: Daktari ataikubali kazi kwa barua, lakini mgongo unamuuma, hawezi kusafiri, kwa sasa amemteua mwakilishi akae kwenye nyumba na kulitumia gari ili visiharibike.

"Bustani ina ukubwa gani?" mke wake aliuliza.

"Mama yako akiguna upande huu, upande ule hasikiki."

Mke akafunga mizigo siku hiyo hiyo. Duka Nakala alimwachia shemeji yake, kwa maandishi na mashahidi wawili, kwa sababu mwakilishi wa Daktari hawezi kuonekana akidurufu vyeti vya watu.

Siku ya usaili aliingia ukumbini na suti mpya na barua yenye mihuri minne, yote ya kwake. Mezani walikaa wawili. Mkuu wa Idara alikuwa akitabasamu. Naibu Mkuu wa Chuo hakuwa akitabasamu. Huyu alikuwa mama mmoja mkavu aliyekuwa na tabia mbaya ya kusoma makala zote kabla ya kikao.

"Pole kwa mgongo wa Daktari," alisema Mama Naibu. "Nina swali moja tu. Katika makala zake zote, mayai ya mwaka wa tisa yamepungua kwa nusu. Anaandika, 'sababu itaelezwa baadaye.' Sasa ni baadaye. Sababu ni ipi?"

Nakala alikohoa. "Ni... ni urithi, mheshimiwa. Mabibi zao walikuwa wavivu."

"Wote? Mwaka huo huo?"

"Ukoo mmoja, mheshimiwa."

"Panya," ilisema sauti mlangoni.

Mama Mayai aliingia na koti lake la kijani, kwapani ana kitabu chenye jalada gumu. Akakaa bila kukaribishwa, taratibu, kama mtu mwenye kiti chake.

"Panya walikata waya wa taa za banda. Siku arobaini na moja kuku walikaa gizani, na kuku asiye na mwanga hupunguza kutaga. Nilimwambia mzee huyu hapa," akamwonyesha Mkuu wa Idara kwa kidevu. "Akaniambia nisubiri bajeti."

"Huyu ni mtu wa banda!" Mkuu aliruka. "Amefuata nini hapa?"

"Nimefuata kazi. Mimi ndiye aliyenukuliwa." Akaweka kitambulisho mezani, na daftari moja lenye muhuri wa zambarau. "Muhuri huu nilichongesha mwaka wa kwanza, maana vitabu vyangu vilikuwa vinaibwa. Udaktari sijasema ninao. Someni, hakuna palipoandikwa."

Mama Naibu alilinganisha kitambulisho, daftari na makala, herufi kwa herufi. Nakala aliinama naye akasoma. Alilisoma jina lile kwa mara ya kwanza kama watu wanavyosoma majina. Kumbe kiwanda kilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa imevaa mabuti ya banda.

Afanye nini? Aseme mtafiti huyo hayupo, amemtunga mwenyewe? Chini ya meza Mkuu wa Idara alikuwa ameshamkanyaga kidole gumba, na bado anakisaga.

"Na maneno ya makala?" aliuliza Mama Naibu. "Haya makubwa makubwa?"

"Maneno si yangu, mheshimiwa, namba ndizo zangu," alisema Mama Mayai. "Maneno alinichapia kijana huyu wa duka. Ana moyo. Sikumwomba hata siku moja."

Mama Naibu akamgeukia Nakala. "Kwa hiyo wewe ndiye mwakilishi wake?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Na mgongo wake umepona?"

"Umepona, mheshimiwa. Mungu ni mkubwa."

Mama Naibu aliwatazama mmoja mmoja: profesa anayetoka jasho, mwakilishi asiye na wa kumwakilisha, na mwanamke aliyekunja mikono juu ya kitabu chake. Kama alielewa, na sisi tunaamini alielewa mpaka kwenye mihuri, aliona hakuna kanuni iliyovunjwa isipokuwa ile ya kusema ukweli, ambayo kila mtu alitaka ivunjwe. Akatia saini.

Nje, kwenye ngazi, Nakala alimkimbilia Mama Mayai kabla dereva hajamfungulia mlango wa gari.

"Mama, tuongee kama watu wazima. Mimi ndiye niliyekufikisha hapa!"

"Najua, mwanangu. Namba zangu zilisubiri miaka kumi na minne, wewe umezipeleka mbali." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Ila mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea. Duka unalo?"

"Nimemwachia shemeji."

"Basi banda halina mtu. Anza kesho asubuhi."

Akaanza. Mke alifungua mizigo kule kule nyuma ya gereji, na mama mkwe akaguna mguno uliochukua karibu wiki nzima. Kila asubuhi Nakala hupima mayai moja moja na kuandika: kuku namba fulani, binti wa kuku namba fulani. Anasoma kila namba mara mbili, kwa kuwa Mkurugenzi hukagua. Mwaka ulipokwisha alipiga muhuri wa zambarau kwenye jalada kwa mkono wake mwenyewe, akapeleka daftari ofisini penye zulia, akasimama akipapasa kofia.

"Mama, makala ijayo... jina langu? Hata la mwisho kabisa."

Mkurugenzi aliinua miwani, akamhurumia kwa dhati.

"Mbona limo," akasema, akamgeuzia ukurasa wa mwisho, pale chini kabisa. Nakala akainama akasoma:

"Tunawashukuru wafanyakazi wa banda."