Nafsi ya Mfalme na Ulanzi wa Juzi

Jumanne, 4 Februari. Iringa

Dhuluma! Jumamosi kundi letu la maigizo linakwenda Mbeya na tanzia ya kale, ile ya mfalme anayemwangamiza mdogo wake kisha analia kaburini. Ufalme kapewa Mwalimu Clement! Mgeni, kaja kutoka Tukuyu juzijuzi tu. Mimi, Sosthenes, mwalimu wa fasihi, ni mlinzi wa mfalme. Nasimama na mkuki. Sina hata neno moja. Nautaka ufalme ule hadi chakula hakipiti.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimewashushia nadharia. Uchanganuzi nafsi! Nikaeleza kwamba mfalme ana chumba moyoni asichokijua mwenyewe. Anajidai kutetea haki, kumbe kijicho kinamtafuna tangu mama yao alipompakata mdogo. Nafasi hiyo inataka mtu mwenye jeraha la ndani, si Clement anayecheka hata na kuku. Dada Faustina, kiongozi wetu, akaniuliza jeraha langu ni lipi. Nikasema sina, moyo wangu mweupe kama sembe. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 6 Februari

Akili mpya. Huku kwetu kila mtu anaijua pombe ya mianzi: ulanzi wa leo ni mtamu kama juisi, wa juzi unamlaza ng'ombe. Clement hajui. Nikamkaribisha kwangu kabla ya mazoezi, nikammiminia wa juzi, nikautia na asali. Akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akaomba tena. Nikajua leo maneno yote yatamtoka kichwani.

Hayakumtoka! Alipofika kaburini akamkumbuka mdogo wake wa kweli, aliyekuwa akigombania naye baiskeli, akaangua kilio cha msibani. Faustina akalia. Hata mimi nikalia, nusu huruma, nusu hasira. Faustina akatangaza kwamba nadharia yangu ni ya kweli, chumba kimefunguka, na huyu ndiye mfalme hasa.

Jumamosi, 8 Februari. Mbeya

Ukumbi pomoni. Clement akapiga magoti kaburini, akavuta pumzi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe! Nikayasema maneno yake yote, mkuki juu. Clement akanigeukia taratibu, akauliza kama nitamlilia na machozi yake pia. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Watu wakasimama wakapiga makofi, Clement akanikumbatia, wenyeji wakatualika tena. Raha iliyoje! Sijawahi kupigiwa makofi vile maishani.

Jumapili, 9 Februari. Njiani kurudi

Kwenye basi Faustina kasema mlinzi ndiye aliyemfafanua mfalme, kwa kuwa mwenye kijicho huwa wa mwisho kukijua. Wote wakanigeukia. Kwa heshima, bila shaka, maana nadharia ni yangu.

Nikaanza kuwachunguza mmoja mmoja. Nimempata! Ni Abrahamu, mpiga ngoma wetu. Anavyomtazama Clement, kijicho kitupu. Maskini, hajijui kabisa.