Tairodi ya Bi. Lorraine

Jumapili, 16 Aprili

Hollis, fundi wetu wa msafara, amestaafu. Macho. Leo kwenye mkutano wa klabu yetu ya magari ya kupanda miamba, baada ya soseji na kabla ya keki, mzee alisimama akasema haoni tena pale moto unapogusa chuma, na mtu asiyeona hapo hana haki ya kuchomelea usukani wa mwenzake. Watu wakampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nimeisubiri siku hii miaka kumi na mmoja.

Sasa klabu haina fundi wa msafara. Fundi wa msafara huketi gari la mbele kabisa, kando ya Bi. Lorraine Beebe, mwenyekiti wetu. Tukipanda miamba na chuma cha mtu kikakatika, magari yote thelathini husimama na anayeitwa ni yeye. Na mimi, Orrin Tackett, fundi chuma mwenye kadi zilizochapishwa, nipo wapi? Gari la mwisho. Nabeba choo cha klabu. Kile cha plastiki, cha bluu, kimefungwa kamba nyuma ya pikapu yangu. Watu hunisalimia wakibanwa tu.

Bahati ikija haibishi hodi. Bi. Lorraine amepinda tairodi yake wiki iliyopita, ule mtaimbo mrefu unaoyashika magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja. Akatangaza kwamba atakayemtengenezea nyingine ya kumridhisha kufikia Ijumaa ndiye fundi wa msafara. Tukajitokeza wawili. Mimi, na Gus Lindqvist wa ng'ambo ya barabara. Lazima awe Gus.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimempeleleza Gus kwa darubini ya kuwindia, kupitia dirisha la gereji. Anachomelea huku anaimba. Mishono yake imelala kama sarafu zilizopangwa na mtu mwenye subira. Inaudhi.

Nikachomelea mshono wa majaribio. Nikamwita mke wangu, Nadine, atoe maoni. Alikuwa amekuja kuchukua nyama ya kulungu kwenye friza, maana nusu ya karakana yangu ni ya friza yake, na nusu iliyobaki ni ya mapambo yake ya Krismasi. Akautazama mshono. Akasema inaonekana njiwa alipita hapo, na njiwa mwenyewe hakuwa mzima.

Lakini fundi si mkono tu. Huku kwetu wanasema grenda na rangi humfanya fundi asiye fundi. Wanasema kwa kejeli. Mimi nimeipokea kama nasaha. Nikausaga ule mshono kwa grenda mpaka ukalala sawa na bomba, nikapuliza rangi nyekundu. Nikamwita Nadine tena. Akauliza mshono uko wapi. Hasa!

Jumanne, 18 Aprili

Kikwazo. Vipande vya hesi, vile vya chuma vyenye mizunguko ya skrubu ndani, havijafika. Bila hivyo hakuna tairodi. Vipande viwili, kimoja huchomelewa kila ncha ya bomba, ndimo viungo vya magurudumu hufungwa. Muuzaji anasema Jumatatu ijayo. Gus, bila shaka, anavyo tele.

Mpango ukanijia nikiwa naoga. Nilivuka barabara na pai ya pichi ya Nadine. Gus alifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Akasema tokea lini mimi na yeye tukakaa tukala pamoja, akaenda ndani kutafuta uma. Hapo nikatia mkono kwenye kopo jekundu juu ya meza yake, nikatoa vipande viwili, vikaingia mfukoni. Sikuiba. Niliazima. Kuazima ni kuchukua kitu kwa nia ya kumwambia mwenyewe baadaye.

Nikala pai vipande vitatu ili nisionekane nina haraka. Gus alinionyesha picha za wajukuu wake, mmoja baada ya mwingine, na wako wengi.

Nadine ameuliza pai yake iko wapi. Nimemwambia ni mambo ya kibiashara.

Jumatano, 19 Aprili

Siku tukufu. Nimekata bomba, nimechomelea ncha zote mbili, nimesaga, nimepaka nyekundu mara tatu. Tairodi imekaa juu ya friza inang'aa. Nimeizunguka. Nimeipiga picha.

Nimempigia simu Bi. Lorraine alete gari kesho, siku moja kabla ya muda. Gus bado anaimba ng'ambo. Imba tu, ndugu yangu.

Alhamisi, 20 Aprili

Aibu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kwa kuwa sitaki kuingia ndani nikamkuta Nadine.

Bi. Lorraine alileta gari saa tatu asubuhi. Nikafunga tairodi. Magurudumu yalikuwa yanatazamana puani kama ng'ombe makengeza, jambo la kawaida, unazungusha bomba tu, tairodi inarefuka, yananyooka. Nikazungusha. Hayakunyooka. Nikazungusha upande wa pili. Wapi! Nilizungusha dakika ishirini, jasho linanitoka, Bi. Lorraine kaegemea mlango anakula karanga.

Ukweli ni huu. Kipande cha ncha moja lazima hesi zake zizunguke kulia, na cha ncha nyingine kushoto. Hapo ukizungusha bomba, ncha zote mbili hutoka pamoja. Mimi nilikuwa na kulia na kulia. Moja inatoka, nyingine inaingia, urefu uleule. Kila fundi anajua hili. Mimi mwenyewe nalijua! Nilitia mkono kwenye kopo moja tu.

Bi. Lorraine akasema taratibu, "Orrin, mwanangu, unazungusha bomba au unabanika kuku?"

Hapo ndipo Gus akavuka barabara. Mkononi kashika kipande kimoja cha hesi za kushoto. Nikajua leo naumbuliwa mchana kweupe mbele ya mwenyekiti, na choo cha bluu kitanifuata mpaka kaburini.

Akasema, "Samahani, Bi. Lorraine. Nilimpa Orrin vipande visivyofaa, nilichota kopo moja. Kosa langu hilo."

Kosa lake! Kisha akaendelea. Akasema yeye anajitoa, magoti hayamruhusu tena kupiga magoti kwenye mawe, na kwamba Orrin anaitaka kazi hii kuliko yeye. Alisema hivyo akinitazama kwa upole. Sijawahi kumchukia mtu kiasi hicho. Niliona haya kama dakika kumi na moja, kisha nikakumbuka kwamba nimeshinda.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimekata ile ncha mbovu, nimechomelea kipande cha kushoto. Haraka haraka, maana Bi. Lorraine alikuwa anakuja saa kumi. Mshono huo ulitoka mbaya kupita yote ya maisha yangu. Hakuna neno. Nilisaga. Ukabaki uvimbe, nikasaga tena. Ukaonekana mstari, nikasaga mstari. Rangi.

Magurudumu yamenyooka. Bi. Lorraine alipitisha kidole kwenye ncha, akauliza mshono uko wapi. Nikamwambia ndiyo ufundi wenyewe, hauonekani. Akasema mshono asiouona humtia wasiwasi, kwa sababu hajui kama upo. Nikacheka. Ana ucheshi, yule mama.

Kesho nakaa mbele. Gus amejitolea kubeba choo.

Jumamosi, 22 Aprili

Kiti cha mbele ni kizuri mno. Unaona njia! Miaka kumi na mmoja sikuwahi kuiona njia, niliona vumbi la wenzangu. Kwenye jiwe la kwanza nilimpungia kila mtu mkono. La pili vilevile.

La tatu ni kama ngazi, vidato vitatu, kila kimoja kinafika kiunoni, na kulia kuna bonde. Bi. Lorraine alipanda cha kwanza. Akapanda cha pili. Akakata usukani kushoto. Ka! Sauti ndogo tu. Nikachungulia nje. Gurudumu moja lilikuwa linaelekea Colorado, jingine linaelekea Nevada.

Ile ncha. Nilikuwa nimesaga mshono mpaka ukaisha. Iliyoshika ilikuwa rangi.

Tuliteremka wote wawili. Nyuma yetu magari ishirini na tisa yamezimwa, watu wanashuka na soda zao. Mtu akapaza sauti aitwe fundi wa msafara. Nikageuka kumtafuta, kisha nikakumbuka.

Niliogopa. Naliandika wazi kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Gari lilikuwa limening'inia kidato cha pili na mawe nyuma ya matairi, la Bi. Lorraine, mwenye miaka sitini na minane, ambaye angeweza kuwa bondeni. Nikamwambia Gus achomelee yeye. Nilimwambia polepole wengine wasisikie, lakini nilimwambia.

Gus alikuwa amepanda kwa miguu na betri ya pikapu yake begani, na hayo magoti yake. Akaiunganisha na betri ya Bi. Lorraine, umeme utoshe kuyeyusha chuma, akanipa nyaya. Akakataa kushika kijiti cha kuchomelea. "Usikimbie, bwana. Kaa pale pale mpaka uone chuma kinakunywa moto. Kikishakunywa, sogea."

Nikachukua begi langu. Bi. Lorraine akanyoosha mkono. Sikuelewa. Akaendelea kunyoosha. Nikatoa grenda yangu ya betri, nikampa, akaiweka chini ya kiti chake akafunga mlango.

Nikachomelea tairodi juu ya jiwe, magari ishirini na tisa yakinitazama. Nilikaa pale pale. Nilisubiri chuma kinywe. Sijawahi kuona mshono mbaya namna ile, mafundo, vipele, nundu, na sikuwa na cha kuusagia. Nikaifunga. Bi. Lorraine akapanda kidato cha tatu. Akashuka upande wa pili. Akatupeleka maili tisa mpaka lami, na mshono haukutikisika.

Kwenye lami aliwakusanya wote. Akasema huo ndio mshono mbaya kuliko yote aliyowahi kuona, na wa kwanza wa Orrin Tackett ambao ameuona. Akasema kazi ni yangu kwa sharti moja, nile kiapo mbele ya watu kwamba sitagusa usukani wa mtu kwa grenda tena. Nikainua mkono. Nikaapa. Gus alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu, 24 Aprili

Mtu mpya! Vipande vya hesi vimefika, kulia na kushoto. Nimemtengenezea Bi. Lorraine tairodi ya kudumu, na nimechomelea kama Gus alivyonielekeza, bila haraka, mpaka chuma kimekunywa kikashiba. Mshono huu tembo hawezi kuukata. Nimejifunza, na sioni haya kusema hivyo.

Ni kwamba hauvutii. Na Bi. Lorraine anataka picha yangu nimeshika tairodi, kwa ajili ya jarida la klabu. Fundi mpya wa msafara, na mshono una nundu kama mgongo wa mamba. Klabu nzima inaaibika hapo, si mimi tu.

Nimekifikiria kile kiapo neno kwa neno. Niliapa kutotumia grenda. Kiapo ni kiapo, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Kuhusu tupa ya mkono hakuna aliyesema kitu.

Nimeanza saa tano asubuhi. Sasa ni saa kumi na moja jioni na ncha zote mbili zimekuwa laini kama kijiko. Nadine amepita kwenda kwenye friza, akauliza mshono uko wapi. Rangi ya kwanza inakauka. Jumamosi tunapanda tena, na mimi nakaa mbele.