Malalamiko Dhidi ya Kompyuta Isiyojua Kwamba Mimi ni Ndugu wa Mgonjwa

Kwa Mganga Mkuu wa Zahanati Yetu,

Salaam kwako, kwa wauguzi, na kwa yule mama wa mapokezi asiyecheka. Anayekuandikia ni mwenyekiti wa kuwatembelea wagonjwa mtaani, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine anayekifaa. Shule niliiacha mapema, lakini nimetembea; nimelala bandari ambazo hata nahodha alikuwa akiuliza njia. Kwa hiyo nikilalamika, ujue nimelinganisha.

1. Zamani mafaili yalikaa mezani mapokezi, nami kwenye benchi nikiyasoma kichwa chini miguu juu bila kumsumbua mtu. Nikishajua nani anaumwa nini, jioni nakusanya watu tukamjulie hali. Sasa yote yamemezwa na kompyuta. Juzi ikabidi nibahatishe: nikapeleka umati kwa fundi cherehani, akina mama wameanza kulia njiani. Kumbe alikwenda kupimwa miwani. Hadi leo hanisalimii, na suruali yangu iko kwake.

2. Fundi wenu wa kompyuta aliniambia kwa kinywa chake kwamba mfumo huo kaujenga kwa programu huria, na mtu yeyote duniani anaweza kusoma ulivyotengenezwa, aukosoe, hata aurekebishe. Nikafurahi, nikamwomba anionyeshe faili la kaka yangu mkubwa. Akasema hilo limefungwa. Mganga Mkuu, mgeni wa ng'ambo achungulie matumbo ya kompyuta, mimi niliyenyonya ziwa moja na kaka nikatazwe kujua ya tumbo lake? Akanijibu kwamba kujua kitasa kinavyoundwa si kupewa ufunguo wa nyumba ya mtu. Jibu zuri, ila halikunisaidia.

3. Maana hapo ndipo penye kidonda. Kaka anakuja kwenu kila Alhamisi, amekonda, na mkewe akimuuliza anasema alikuwa anapita tu. Kwa mama tumebaki sisi wawili. Mimi kumuuliza siwezi; jibu lake nalihofia, la kompyuta ningelistahimili.

4. Basi, kwa kuwa siku hizi kila mgonjwa husoma faili lake kwa simu, asubuhi hii nikajaribu kulifungua la kaka kwa simu yangu. Nywila nikaweka jina la mama, kisha la mkewe, kisha la timu yake. Kompyuta ikajifunga na kunijulisha kwamba mwenye faili ataarifiwa. Hata mwizi wa kuku huachiwa nafasi ya kukimbia.

5. Kwa hiyo naomba nywila iwe moja kwa mtaa mzima, ibandikwe langoni kwa maandishi makubwa, wazee wasipate shida. Kama usalama ni lazima, basi nifanyeni mimi kuwa nywila: anayetaka kujua jambo, aniulize.

Wasalimie wote, waliolazwa na wanaojilaza.

Wako katika kujuliana hali,
Mwenyekiti

N.B. Sijafunga bahasha, kaka kabisha hodi, simu mkononi. Akakaa, akanionyesha taarifa ya kompyuta yenye namba yangu, akasema, "Mdogo wangu, si ungeniuliza?" Nikamuuliza. Akanieleza yote, kisha akaniapisha. Hafi, zaidi ya hapo sisemi. Lakini majirani wameniona natoka na macho mekundu, sasa wamejaa mlangoni wananidadisi, na mdomo wangu naujua. Futa namba moja hadi tano. Faili lake liongezeeni kufuli, na fundi aje upesi na vifaa vyake aone kama nami naweza kufungwa.